Gasketi ya manifoldi iliyoungua mara mbili: kisa cha Corolla 110

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla 110 yenye injini ya petroli ya 5A-FE, lita 1.5, giaboksi ya otomatiki, iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika Japani. Mwenye gari ni mama mfanyabiashara anayetoka Tanga mjini kwenda Muheza na kurudi karibu kila siku. Lalamiko lake lilikuwa juu ya mlio: kila asubuhi akiwasha gari, upande wa mbele wa injini ulitoa mlio mkavu, tak-tak-tak, uliokwenda mbio kadiri alivyokanyaga mafuta, kisha baada ya dakika kumi hivi za safari ulififia hadi ukawa wa kusikilizwa kwa makini. Alikuwa amekwishalipia matengenezo mara tatu. Gereji ya kwanza ilimwambia kwamba tapeti, yaani vikombe vinavyosukuma valvu, zinagonga, ikabadilisha shimu za valvu (vibati vya kurekebisha nafasi yake) na kumwekea oili nzito zaidi, na mlio haukubadilika hata kidogo. Gereji ya pili ilitambua kwa haki kabisa kwamba gasketi ya manifoldi ya eksozi, yaani kizibo kati ya injini na bomba la chuma linalokusanya moshi wa silinda zote, imeungua, ikaweka mpya, na gari likanyamaza kwa wiki tano. Aliporudi, gereji hiyo hiyo iliibadilisha tena, safari hii ikiipaka silikoni nyekundu pande zote mbili. Ukimya ulidumu wiki tatu.

Wiki tano, kisha tatu. Mimi nilivutwa na hesabu hiyo kuliko mlio wenyewe. Gasketi ya manifoldi katika injini hii, ikikaa kati ya nyuso mbili zilizonyooka na kukazwa inavyostahili, hudumu miaka mingi, na wengi wanaonunua gari hawaibadilishi kamwe. Ikiungua ndani ya wiki chache, na ya pili ikafa mapema kuliko ya kwanza ijapokuwa ilipakwa dawa, basi kuna kitu kinachoiua, na kuweka ya tatu bila kukitafuta kitu hicho ni kumtoza mama yule pesa kwa ajili ya wiki nyingine mbili au tatu za ukimya.

Kabla ya kufungua boneti nilimuuliza kama huwa anasikia harufu ya moshi ndani ya gari. Alisema ndiyo, hasa akisimama kwenye foleni vioo vikiwa vimefungwa, na akaongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba siku hizi akifika Muheza kichwa humuuma. Hapo nilimwambia asiliendeshe tena gari hilo mpaka litengenezwe. Katika 110 manifoldi iko mbele ya injini, upande wa rejeta, na hewa inayopita hapo husukumwa na feni na upepo wa safari kuelekea nyuma, ambako gari huvuta hewa ya ndani kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Moshi unaovuja kabla ya kufika kwenye kichujio cha eksozi (katalisti, kinachounguza gesi zenye sumu) una monoksidi ya kaboni ambayo bado haijaunguzwa, na gesi hiyo haina rangi wala harufu; harufu anayoisikia dereva ni ya gesi nyingine zinazosafiri nayo. Gesi hiyo hujishika kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kiasi kidogo kinachovutwa kwa saa nzima huhesabika. Watu wengi huuchukulia uvujaji wa manifoldi kama kero ya sauti, na ndiyo maana nimelitaja hili kabla ya spana ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa imelala usiku kucha, tuliiwasha. Mlio ulikuwepo, na kwa masikio tu ningeweza mimi pia kusema ni tapeti. Silaumu sana gereji ya kwanza kwa kukosea, kwa sababu uvujaji wa silinda moja na valvu moja iliyolegea hulia kwa kasi ileile. Injini ya mipigo minne hufungua valvu ya moshi ya kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikiwa inazunguka mara 750 kwa dakika, silinda moja hutoa moshi mara 375 kwa dakika, yaani kama mara sita kwa sekunde, na valvu yake ikiwa imelegea nayo itagonga mara sita hizo hizo. Tofauti yake ni hii: sauti ya tapeti hutoka kwenye chuma kinachogonga chuma, ilhali sauti ya uvujaji hutoka kwenye mlipuko. Ukiondoa mlipuko, tapeti itaendelea kugonga, lakini mlio wa uvujaji utakufa au kupungua sana. Injini hii ina distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa silinda, na waya za plagi, kwa hiyo kipimo ni chepesi: tulizima, tukaitoa waya ya plagi ya silinda moja na kuiunganisha kwenye bodi ili umeme usiruke ovyo, tukawasha kwa sekunde chache, tukasikiliza, tukazima na kuhamia silinda nyingine. Silinda ya kwanza, ya pili na ya tatu hazikubadilisha kitu zaidi ya kuifanya injini itetemeke. Ya nne, iliyo upande wa giaboksi, ilipokatwa mlio ulitoweka. Kipimo hicho kisirefushwe, kwa sababu petroli isiyounguzwa huingia kwenye kichujio cha eksozi na kukichoma.

Ili kupata mahali hasa, tulitumia mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ikapuliza, tukaufunga mpira wake kwa kitambaa kwenye mdomo wa bomba la nyuma, injini ikiwa imezimwa na ikiwa baridi, kisha tukapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi. Povu lilitoka upande wa chini wa tundu la nne, kwa wingi, na mapovu machache yakaonekana kwenye tundu la kwanza, ambako hakuna aliyetarajia. Anayejaribu njia hii asishtuke akisikia hewa ikitoka pia upande wa kuvutia hewa. Injini ikisimama mahali ambapo valvu mbili za silinda moja ziko wazi kwa pamoja, hewa hupenya hadi huko, na hiyo si dalili ya ubovu.

Mama alikuwa amelalamika pia kwamba gari linakula mafuta, na taa ya injini ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Tuliunganisha vituo viwili vya umeme, TE1 na E1, kwenye kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, na taa ikamulika mara mbili, kisha mara tano: namba 25, yaani kompyuta inaona mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Lakini plagi zote nne zilipotolewa zilikuwa nyeusi kwa masizi, hali ya injini inayopewa mafuta mengi kupita kiasi. Ushahidi huu unaonekana kupingana, na fundi mwenye haraka hapa hununua sensa ya oksijeni, ile inayoiambia kompyuta kiasi cha oksijeni kilichomo kwenye moshi. Hali halisi ni kwamba moshi hautoki kama mto, hutoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo shinikizo ndani ya manifoldi hushuka kwa kitambo kidogo chini ya shinikizo la hewa ya nje. Ufa uliokuwa ukitoa moshi sasa huvuta hewa safi. Hewa hiyo hupita mbele ya sensa, sensa hutoa volti ndogo, karibu na 0.1 badala ya kuyumba kati ya 0.1 na 0.9, na kompyuta, ambayo haina njia ya kujua hewa hiyo imeingilia wapi, huamini kwamba mafuta ni machache na kuyaongeza kwenye silinda zote nne. Sensa ilikuwa ikisema kweli kuhusu hewa iliyokuwa mbele yake.

Tuliondoa bati la kinga ya joto na kuanza kufungua manifoldi. Nati za katikati zilitoka bila shida baada ya kulowekwa mafuta ya kulainisha kutu tangu jioni. Ile ya mwisho upande wa silinda ya nne, chini, haikuwepo. Tulipokwangua silikoni nyekundu iliyokuwa imejaa mahali pake tukakuta kisiki cha stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshikilia manifoldi) kilichokatika sawasawa na uso wa hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye valvu. Sina haja ya kujua nani alikifunika. Nilichohitaji kilikuwa kwenye uso wa mvunjiko. Sehemu kubwa ya uso huo ilikuwa na kutu nyeusi ya zamani na mistari midogo kama ya ufukwe maji yanapokupwa, na pembeni palikuwa na kipande kidogo cha chuma chenye kukwaruza na kung'aa zaidi. Stadi iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi hunyongeka na kuvutika kabla ya kukatika. Hii ilikatika polepole, kwa kupindwa huku na huku mara maelfu.

Baada ya kusafisha nyuso, tuliweka rula ya chuma juu ya matundu manne ya manifoldi na kupitisha fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Katikati hapakuwa na nafasi. Kwenye tundu la kwanza ilipita ya milimita 0.25, na kwenye la nne ilipita ya 0.60. Manifoldi ilikuwa imejikunja kama ndizi, ncha zikiikimbia hedi. Mimi binafsi nikikuta zaidi ya 0.30 siifungi tena bila kuipeleka kwenye mashine, kwa sababu hakuna gasketi ya kawaida inayoziba pengo la namna hiyo huku ikipigwa na moshi wa nyuzi 600 na zaidi. Silikoni ndiyo kabisa: hata zile nyekundu zinazouzwa kwa ajili ya joto kali huanza kuchakaa kwenye nyuzi 300 na kitu, na mvuke wake huweza kuiharibu sensa ya oksijeni iliyo mbele kidogo tu. Uso wa hedi tuliupima vilevile, ukawa umenyooka.

Kwamba ncha ndizo zinazoumia si bahati mbaya. Manifoldi hii ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini. Alumini hutanuka kwa joto mara mbili ya chuma, na mtu angedhani hedi ndiyo itakayotanuka zaidi, lakini hedi hupozwa na maji na haivuki sana nyuzi 100, wakati manifoldi hufika 500 bila taabu. Kwa urefu wa sentimita 35 kutoka ncha hadi ncha, manifoldi hurefuka takriban milimita 1.8 na hedi takriban 0.6. Tofauti ya milimita 1.2 lazima iende mahali, nayo huenda kwa manifoldi kuteleza juu ya gasketi, nusu huku na nusu kule, kila injini inapopata moto na kurudi inapopoa. Ndiyo maana matundu ya stadi za pembeni huwa mapana kuliko stadi zenyewe, na ndiyo maana mlio ulipungua gari likipata moto: chuma kilipotanuka kililibana pengo. Mlio ulipungua, lakini uvujaji haukuisha, kama masizi ya plagi yalivyoonyesha.

Hadi hapo nilikuwa na maelezo yaliyoniridhisha. Manifoldi imejikunja, stadi imekatika. Chonga uso, toa kisiki, weka gasketi ya chuma, funga. Nakiri kwamba ningefunga. Kijana ninayemfundisha kazi, aliyekuwa amelala chini ya gari akilegeza bomba la mbele, ndiye aliyeuliza, "Fundi, hizi bolti za huku chini mbona hazina springi?"

Nilishuka kuangalia. Kiungo cha kwanza chini ya manifoldi katika gari hili hakikusudiwa kukazwa kikawa kigumu. Kuna pete ya mviringo iliyokaa kwenye kikombe chake, na bolti mbili zenye springi zinazoibana pete hiyo kwa nguvu ya kiasi, ili bomba liweze kupinda kidogo kama goti. Injini iliyolala kwa upana wa gari hubiruka mbele na nyuma kila unapokanyaga au kuachia mafuta, na bomba la moshi limefungwa chini ya bodi; kama hakuna goti, mmoja wao lazima ampinde mwenzake. Kwenye gari hili springi zilikuwa zimetupwa na bolti za kawaida zimekazwa hadi mwisho, pengine na mtu aliyeona kiungo kinavuja akadhani kimelegea. Kisha tukapima upande wa pili wa jambo hilo: kabla ya kufungua tulikuwa tumechukua picha ya video injini ikiwa kwenye D, breki imekanyagwa na mafuta yakiongezwa kidogo, na nilipoitazama tena nikaona kile nilichokipuuza mara ya kwanza. Injini ilikuwa ikiinuka sentimita tatu hivi. Injini maunti ya mbele, yaani kishikilio cha mpira kinachoifunga injini kwenye bodi, ilikuwa imepasuka mpira wote.

Sasa mambo yalishikana. Maunti iliyopasuka iliiacha injini ibiruke kupita kiasi, bolti zisizo na springi ziligeuza kubiruka huko kuwa mtaimbo unaoing'oa manifoldi kutoka chini, na stadi ya chini ya ncha ndiyo iliyopokea mzigo hadi ikachoka. Stadi ilipokatika, ncha ya nne ikabaki huru kujikunja kwa joto, na gasketi mbili zikafa mfululizo kati ya nyuso zilizokuwa zikiachana. Tungechonga uso na kuweka stadi mpya tu, ningempa mama miezi michache kabla stadi haijakatika tena, na lawama zingekuwa zangu.

Kisiki tulikitoa kwa kuchomelea. Tuliondoa nyaya za betri na kuchomoa plagi ya kompyuta, tukaweka washa (pete bapa ya chuma) juu ya kisiki, tukaijaza kwa welding kutoka katikati, kisha tukachomelea nati juu yake. Chuma cha welding hakishikani na alumini, kwa hiyo hedi haiumii kama mkono umetulia. Tuliacha ipoe kwa dakika kadhaa, tukaweka mafuta, tukaanza kwa kukaza kidogo kisha kulegeza, huku na huku, hadi kikazunguka. Nati ya kwanza ilikatika na ya pili ikakitoa. Kutoboa kwa drili tulikuweka kama njia ya mwisho, kwani drili hukimbilia alumini laini ikikwepa chuma, na tundu likishakwenda upande kazi hugeuka kuwa ya kuitoa hedi nzima. Stadi zote, hata zilizoonekana nzima, tulizibadilisha. Zile nyingine zilikuwa zimebeba mzigo wa mwenzao kwa miezi.

Manifoldi ilikwenda kwa fundi wa mashine, ikafungwa na kuchongwa matundu yote manne kwa pamoja hadi uso mmoja ukapatikana. Kabla ya hapo tuliipaka mafuta ya taa, tukaifuta na kuipaka chaki, tukaiacha kwa nusu saa; ufa ungejichora kwa mstari wa mafuta juu ya chaki, na haukuonekana. Nilikuwa nimefikiria kununua manifoldi iliyotumika kutoka Gerezani, Dar es Salaam, lakini manifoldi ya kununua nayo ingehitaji kupimwa na huenda kuchongwa, na hii yetu angalau historia yake nilikuwa nimekwisha kuisoma. Kuisugua kwa grainda ya mkono, kama wengine wanavyofanya, hung'arisha uso bila kuunyoosha.

Gasketi tuliyoweka ni ya tabaka za chuma, kavu, bila dawa yoyote, kwa sababu inatakiwa kuiruhusu manifoldi iteleze. Tulikaza kutoka katikati kwenda nje kwa awamu tatu, 15, kisha 25, kisha 34 nyutoni mita, kwa spana ya kupimia. Chini tukaweka pete mpya, bolti mpya na springi zake, na maunti mpya ya mbele.

Injini iliwashwa jioni hiyo na tena asubuhi ikiwa baridi, na hakukuwa na mlio. Volti za sensa zilianza kuyumba kama inavyotakiwa, na namba 25, baada ya kufutwa, haikurudi. Baada ya wiki moja mama alileta gari ili nati zikaguliwe injini ikiwa baridi; zote zilikuwa palepale isipokuwa ya ncha ya nne, iliyokubali robo ya robo ya mzunguko. Plagi zilikuwa zimeanza kupata rangi ya kahawia hafifu.

Wiki ya sita, ambayo mimi na yeye tulikuwa tukiihesabu bila kuambiana, alipiga simu akisema mlio umerudi. Nilikwenda mwenyewe. Lilikuwa bati la kinga ya joto, ambalo tundu lake moja la bolti lilikuwa limeliwa na kutu na sasa linatetemeka injini ikiwa taratibu. Tuliweka washa pana na bolti mpya. Alipoondoka alifunga vioo vyote, akasema sasa anaweza kuwasha AC hadi Muheza.